Miwani ya dola 3,499 au ya dola 299: Ipi ya kuvushwa mpaka?

KWA miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja, sokoni na shuleni: ile miwani mikubwa inayofungwa kichwani na kumwonyesha mtu vitu visivyokuwepo mbele yake, inunuliwe ya bei kubwa au ya bei nafuu? Wanaouliza ni watu wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wafanyabiashara wanaopita Mugina na Manyovu, ambao wamezoea kubeba simu, redio za sola na vitenge, na sasa wanasikia habari za mzigo mpya kutoka kwa wenzao wanaokwenda Dubai. Kundi la pili ni wazazi wa shule ninayofundisha, wengi wao wakiwa wamerudi kutoka uhamishoni kama mimi.

Wafanyabiashara wanataka kujua kama mzigo utatoka. Wazazi wana jambo zito zaidi, kwani fedha walizonazo si zao. Ndugu zetu tuliosoma nao nchini Tanzania, ambao baadaye maisha yaliwapeleka Marekani na Kanada, wamechangishana dola 3,600 kwa ajili ya masomo ya sayansi shuleni kwetu. Mmoja wao, anayefanya kazi ya ghala huko Ohio, aliandika kwamba fedha hizo zinunue kitu kimoja tu, tena kilicho bora kuliko vyote, ili watoto wetu wasile makombo kama tulivyokula sisi. Mwingine, dada yetu aliyeko Kanada, akajibu kuwa kitu kimoja kwa shule nzima ni ugomvi. Kamati ya wazazi ikanikabidhi mimi, mwalimu wa baiolojia, kazi ya kuchunguza na kutoa ushauri.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunachozungumzia. Watu wengi huita kila miwani ya aina hii VR, na hapo ndipo wanapouziwa kisichokuwa. Miwani ya uhalisia pepe hukufunga macho kabisa, ukaingia katika ulimwengu uliochorwa na kompyuta. Miwani ya uhalisia mchanganyiko ina kamera kwa nje. Kamera hizo huchukua picha ya chumba ulichomo, kompyuta iliyo ndani ya miwani huichanganya na michoro yake, kisha mchanganyiko huo huletwa kwenye skrini mbili ndogo, moja kwa kila jicho. Unaiona meza yako, unaiona mikono yako, na juu ya meza hiyo unauona moyo wa binadamu ukidunda. Unaweza kuuzunguka na kuchungulia upande wa nyuma. Meza haipotei, hivyo hujikwai.

Kileleni mwa soko hilo iko Apple Vision Pro, iliyotangazwa Juni 2023 na kuanza kuuzwa Marekani Februari 2, 2024 kwa dola 3,499. Oktoba 2025 kampuni hiyo ilitoa toleo jipya lenye kichakataji cha M5 kwa bei ile ile. Chini kabisa, kwa maana ya miwani halisi na si maboksi ya kuchezea, iko Meta Quest 3S ya Oktoba 2024, iliyozinduliwa kwa dola 299. Katikati wapo wawili: Meta Quest 3 ya Oktoba 2023, ambayo ilianza kwa dola 499, na Samsung Galaxy XR iliyotoka Oktoba 2025 kwa dola 1,799. Hizi ni bei za kuzinduliwa huko Marekani. Kampuni huzipandisha na kuzishusha zinavyotaka, na hadi zifike kwetu huongezeka nauli, ushuru na faida ya aliyebeba. Msomaji asije akaniuliza mbona ameambiwa bei nyingine Buyenzi.

Niliyoyaona kwa macho yangu

Hiyo ya dola 3,499 niliivaa Bujumbura, ofisini kwa mhandisi mmoja wa ujenzi ambaye aliinunua akiwa safarini. Alinikalisha kwenye kiti, akanifunga mkanda nyuma ya kichwa, akanipa betri niiweke mfukoni, kwa kuwa betri yake iko nje na inaunganishwa kwa waya. Nilichokiona cha kwanza ni ofisi ile ile, dirisha lile lile, na yeye mwenyewe amesimama akicheka. Nilichukua gazeti mezani. Nilisoma habari ya ukurasa wa mbele, herufi za kawaida, nikiwa ndani ya miwani. Skrini zake mbili kwa pamoja zina nukta milioni 23, na mtu anazihisi nukta hizo pale anapoisoma herufi ndogo bila kukodoa.

Haina rimoti. Unakiangalia kitufe kwa macho tu, unagusanisha kidole gumba na cha shahada, kinafunguka. Mhandisi alinionyesha nyumba ya ghorofa aliyoichora, imesimama sakafuni kama mtungi, akainyanyua paa tukaangalia vyumba. Kwa kazi kama yake sina ubishi hata kidogo. Mtu anayeuza nyumba ambazo hazijajengwa, akimwonyesha tajiri sebule yake kabla ya tofali la kwanza, anaweza kuirudisha dola 3,499 katika mkataba mmoja.

Lakini yako mambo niliyoyaona ambayo matangazo hayayasemi kwa sauti. Kwanza ni uzito. Toleo la kwanza lina gramu 600 hadi 650, la M5 gramu 750 hadi 800, betri ikiwa haijahesabiwa. Baada ya nusu saa mifupa ya mashavu yangu ilikuwa inaniambia. Pili, miwani ile imeshonwa kama suti. Anayeinunua hupimwa uso kwa simu ya iPhone au iPad yenye kutambua uso, ndipo achaguliwe kizibo cha mwanga kinacholingana na uso wake. Kizibo cha mhandisi kilikuwa cha mhandisi. Kwangu mwanga uliingia puani. Tatu, mimi huvaa miwani ya kusomea, na ndani ya Vision Pro huwezi kuvaa miwani nyingine. Unanunua lenzi za ZEISS za kubandika kwa sumaku, ambazo ilipozinduliwa zilikuwa dola 99 za kusomea tu na dola 149 za kuandikiwa na daktari. Mgeni anayevaa kwa mara ya kwanza lazima pia macho na mikono yake isomwe na mashine kabla ya kuanza.

Betri hukaa saa mbili hivi, na saa mbili na nusu kwa toleo jipya.

Hiyo ya bei nafuu, Quest 3S, niliivaa kwa fundi simu mmoja karibu na soko la Mabanda, jioni, chini ya taa moja. Tofauti nilijua papo hapo. Chumba kilionekana, lakini picha ilikuwa na chenga, kama televisheni za zamani antena ikiwa imepinda. Uso wa fundi niliutambua, namba za vocha aliyonipa sikuzisoma. Kichwa cha habari cha gazeti nilikisoma, habari yenyewe hapana. Mchana, karibu na mlango, chenga zilipungua sana. Kamera hizi zinapenda mwanga, na duka la fundi simu si mahali pa kuzihukumia.

Kisha fundi akanifungulia moyo. Hapo, ndugu msomaji, nikanyamaza. Mimi moyo nilisomea Mishamo, makazi ya wakimbizi wa 1972, katika mkoa ambao leo unaitwa Katavi. Mwalimu wetu aliuchora ubaoni kwa chaki mbili, nyekundu kwa damu safi na bluu kwa damu chafu. Siku bluu ilipokwisha alitumia nyeupe, akatuambia tuijalie kuwa bluu. Nilijibu mtihani wa darasa la saba nikijua vyumba vinne vya moyo kwa majina, bila kujua kama viko kando kando au kimoja nyuma ya kingine. Tuliporudi Burundi mwaka 2009 nikaanza kuufundisha kwa mchoro ule ule, safari hii kwa Kifaransa nilichojifunza ukubwani. Ndani ya miwani ya dola 299 niliuona mlango wa damu unafunguka na kujifunga, nikainama nikauangalia kwa chini. Chenga za chumba hazikunihusu tena, kwa sababu michoro ya kompyuta yenyewe haina chenga. Zenye chenga ni picha za kamera tu.

Jambo hili ndilo lililonisaidia kuamua, na sijaliona likielezwa vizuri. Bei kubwa inanunua zaidi mambo mawili, yaani kuliona vizuri lile lililopo kweli, na kusoma maandishi madogo. Anayehitaji hayo alipe. Anayehitaji kuona umbo la kitu, ukubwa wake na jinsi kinavyojongea, tofauti anayoipata hailingani na tofauti ya fedha anayotoa.

Kati ya Quest 3 na Quest 3S nako watu wanadanganyana. Wauzaji husema 3S ni dhaifu. Kichakataji ni kile kile katika zote mbili, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni ile ile, GB 8. Kilichopunguzwa ni skrini na lenzi. Quest 3 ina nukta 2,064 kwa 2,208 kwa kila jicho, 3S ina 1,832 kwa 1,920. Lenzi za 3S ni zile za miviringo, kama za taa za mnara wa bandarini. Katikati ni safi, pembeni picha inafifia, na kitu cheupe kwenye giza huzungukwa na mng'ao. Quest 3 ina lenzi bapa ambazo ni safi hadi karibu na ukingo. Aidha, umbali kati ya jicho na jicho hurekebishwa kwa gurudumu kwenye Quest 3, popote kati ya milimita 53 na 75, wakati 3S ina hatua tatu tu: 58, 63 na 68. Kwa darasa lenye sura za kila aina hilo si dogo. Zote mbili zina uzito wa gramu 510 na ushee, na zote humruhusu mtu avae miwani yake ya kawaida kwa ndani.

Mtoto aliyesuka nywele za kusimama, au mama aliyefunga kilemba, atapata taabu na mikanda ya zote, ya tajiri na ya maskini.

Hesabu ya darasa

Nina wanafunzi 64 katika darasa moja. Kipindi ni dakika 45. Nikiwa na miwani moja, na kila mtoto akapewa dakika mbili tu, nahitaji dakika 128, yaani karibu vipindi vitatu, na hapo sijahesabu muda wa kusomwa macho na kukaza mikanda. Watoto 63 watakuwa wamekaa wanamwangalia mmoja akipapasa hewa. Mwalimu yeyote anajua kitakachotokea dakika ya kumi. Nikiwa na nne, kila kundi ni watoto 16, dakika 32, somo limekwisha na maswali yamebaki na nafasi.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kijiji kule makazini na hajaiacha sauti ya uenyekiti, alinipinga. "Mwalimu, rahisi ni ghali. Hizo nne zitavunjika, tutabaki na plastiki." Ni hoja ya haki. Nilimjibu kwa takwimu za Apple wenyewe. Vision Pro ilipozinduliwa, kubadilisha kioo cha mbele kilichopasuka, kwa mtu asiye na bima yao, kulikuwa dola 799, na uharibifu mwingine uliweza kufika dola 2,399. Kioo kimoja kinazidi bei ya 3S mbili. Na fundi wa kukibadilisha hayuko Bujumbura wala Kigoma. Dhamana ya mwaka mmoja ipo kwa zote, lakini ili uitumie inabidi mzigo urudi ulikotoka, na nani atalipa nauli yake? Vikiwa vinne na kimoja kikafa, somo linaendelea na vitatu.

Kuna jambo la umri pia. Apple wanasema miwani yao si ya mtoto aliye chini ya miaka 13. Meta waliteremsha mwaka 2023 hadi miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mimi nimependekeza tuanzie darasa la watoto wa miaka 13 na kuendelea, wakiwa wamekaa, na anayesikia kizunguzungu avue mara moja bila kuchekwa. Kizunguzungu ni kitu cha kweli. Macho yanasema unatembea, masikio ya ndani yanasema umekaa, tumbo linalipa.

Lugha nayo. Nilipekua orodha ya lugha za Quest, Kifaransa kimo, Kiswahili sikukiona, na majina kwenye moyo wa fundi yalikuwa ya Kiingereza. Sisi tuliosoma kwa Kiswahili, tukafundisha kwa Kifaransa na sasa tunasoma vibandiko vya Kiingereza, tumezoea. Lakini mwalimu asidhani mashine itafundisha badala yake.

Nitasema na hili, ingawa wengine wataona nimetoka nje ya mada. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu ya miwani iitwayo Clouds Over Sidra, inayomwonyesha msichana wa Syria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Ilionyeshwa Davos, kwenye mkutano wa wakubwa wa uchumi, wakavaa miwani wakajiona wamekaa hemani. Walioitengeneza walikuwa na nia njema, nami siwalaumu. Ila kwa miaka mingi hadithi ya miwani na mkimbizi imekuwa hiyo: mkimbizi anaangaliwa, tajiri anaangalia. Nilipowaona watoto wa dukani kwa fundi wamepanga mstari kuangalia moyo, nilifurahi kwamba safari hii wanaoangalia ni wao.

Kwa anayebeba mzigo

Sasa niwageukie wafanyabiashara. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msibebe mzigo huu kwa wingi kabla hamjapata mnunuzi. Si simu. Simu ukikosa mteja Makamba utampata Rutana, ukikosa utaitumia mwenyewe.

Pili, jihadharini na maboksi. Yapo ya plastiki ya kutumbukiza simu, yanayouzwa kwa bei ya mlo wa hoteli na kuandikwa VR kwa herufi kubwa. Hayana kompyuta wala kamera, na si uhalisia mchanganyiko hata kwa mbali. Google wenyewe, walioanzisha ile ya karatasi ngumu mwaka 2014, waliacha kuiuza mwaka 2021.

Hatari zaidi ni mtumba wa jina kubwa. Kuna miwani za HP, Acer na Samsung ambazo maboksi yake yameandikwa Windows Mixed Reality. Jina linavutia, bei inavutia zaidi. Desemba 2023 Microsoft walitangaza kuiachisha programu inayoziendesha, na Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 likaiondoa kabisa. Ukiichomeka kwenye kompyuta mpya, bila ufundi wa pembeni, haifanyi kitu. Quest ya kwanza, ya mwaka 2019, nayo ilikoma kupata marekebisho ya usalama mwaka 2024. Quest 2 ya mwaka 2020 bado inaonekana mitumbani ikiwa nyeupe na safi, lakini chumba inakionyesha kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Anayetaka michezo inamtosha. Anayetaka kuuona moyo juu ya meza yake asiinunue.

Na msidhani wakubwa hawafi. HoloLens 2 ya Microsoft ilitoka mwaka 2019 kwa dola 3,500, ikavaliwa na madaktari na wanajeshi wa Marekani. Oktoba 2024 kampuni ilisema haitengenezi tena. Bei kubwa haikuilinda.

Kutofautisha Quest 3 na 3S mkiwa gizani gereji ya mtu, angalieni usoni. Quest 3 ina alama tatu ndefu zilizosimama kama vidonge. 3S ina duara ndogo sita, tatu kila upande, zimekaa pembetatu. Pia Quest 3 ina tundu la spika za masikioni, 3S haina. Kisha iwasheni mbele ya muuzaji, na hakikisheni haijafungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza, hasa hizo za Apple, kwa sababu iliyofungwa ni kopo. Quest mpya inahitaji simu yenye programu ya Meta na intaneti ili ianze kazi. Kigoma au Bujumbura mjini ifungueni huko huko, mpakue na programu nzito kabisa, kabla ya kupanda nayo milimani kwenye mtandao wa kobe.

Kuhusu forodha, nimesikia dalali akimwambia mama mmoja kwamba bidhaa ya chini ya dola 2,000 hupita bure ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si hivyo. Utaratibu rahisi wa biashara, wenye cheti cha asili kinachojazwa pale pale mpakani, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi za Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani hiyo. Mahindi yako ya Kasulu yamo. Miwani iliyotengenezwa Asia haiwi ya Afrika Mashariki kwa kulala Kariakoo usiku mmoja. Italipiwa ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara na Burundi kwa kawaida ni asilimia 18. Beba risiti. Asiye na risiti hukadiriwa, na makadirio hayajawahi kumpenda mfanyabiashara mdogo.

Anayekuja kwa ndege asiweke pawa benki wala betri za akiba kwenye sanduku la mizigo. Hizo huingia nazo mkononi. Na kwa wote, wa ndege na wa pikipiki: lenzi za ndani zisiangalie jua, hata kwa dakika chache. Lenzi ile hukusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto, na skrini inaungua doa lisilofutika. Nimeona mtu ameipanga juu ya meza ya soko, tumbo juu, saa saba mchana, kama anayeanika dagaa. Nilimsogezea turubai kabla sijamsalimia.

Usafi pia ni mtaji. Miwani inayopita uso kwa uso hupitisha macho mekundu. Nunueni vifuniko vya silikoni vinavyofutika, na mwenye jicho linalotoa machozi akae pembeni wiki hiyo.

Tulichoamua

Kamati ilikaa Jumamosi, kuanzia saa tatu hadi jua lilipopinda. Niliweka hesabu mezani. Vision Pro ya dola 3,499, ikinunuliwa Ohio, inaongezewa kodi ya mauzo ya jimbo, asilimia 5.75, achilia mbali ya wilaya. Inafika dola 3,700, yaani fedha zote zimekwisha na tunadaiwa mia moja, kabla ya lenzi na kabla ya umeme. Quest 3S tatu kwa bei ya kuzinduliwa ni dola 897. Quest 3 moja, ile ya GB 512 ambayo mwaka 2024 ilishushwa kutoka dola 649 hadi 499, ni ya mwalimu na ya watoto ambao macho yao hayakubali zile hatua tatu. Jumla dola 1,396, na kodi hiyo takriban 1,476. Hata bei zikiwa zimepanda kidogo, nafasi ipo.

Kinachobaki ni zaidi ya dola 2,000. Nilipendekeza paneli ya sola na betri yake, kwa kuwa kila miwani huchajiwa kwa wati 18 kwa saa mbili hivi, nne pamoja ni wati 72, mzigo ambao hata sola ya nyumba ya kawaida inaubeba jua likiwaka. Nikapendekeza betri ndogo za kuchaji kwa ajili ya rimoti, moja moja kila rimoti. Zinazobaki zote zinunue hadubini. Hapo sauti zilipanda, maana wengine walisema ndugu wametaka kitu cha kisasa na hadubini si ya kisasa. Nilisema kwamba miwani itamwonyesha mtoto chembe ya damu iliyochorwa na mtu California, hadubini itamwonyesha ya kwake mwenyewe, na mimi katika kusoma kwangu kote uhamishoni sikuigusa hata moja. Mzee mwenyekiti aliuliza hadubini ni kiasi gani. Kura ilipopigwa alinyoosha mkono upande wangu, akasema lakini iandikwe kwenye daftari kwamba alionya kuhusu plastiki. Imeandikwa.

Ndugu wa Ohio alipiga simu usiku uleule. "Kwa hiyo mwalimu, mmechagua cha chini."

"Tumechagua vinne," nikamwambia, nikamsomea hesabu ya wanafunzi 64 na dakika 128.

Alinyamaza kidogo, nikasikia mashine za ghala nyuma yake. Kisha akauliza maboksi manne yana ukubwa gani yakikaa pamoja, kwa sababu shemeji yake anakuja Desemba na ameshaahidi watu viatu.